Kufungua poti 80 bila kuendesha programu kama root

Juzi usiku mdogo wangu wa Sinza alinipigia. Tovuti ya duka la vitenge Kariakoo inawaka vizuri kwenye poti 3000, akiihamishia 80, poti ya kawaida ya tovuti, inagoma: `EACCES: permission denied 0.0.0.0:80`. Kuna aliyemwambia aweke `sudo` mbele, yaani aiendeshe kama root, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Nikamwambia acha kabisa. Linux huzilinda poti zote zilizo chini ya 1024, ndiyo maana imekukatalia. Lakini programu ikiwa root, tundu moja kwenye msimbo wako linamkabidhi mvamizi seva nzima.

1. Mtumiaji wa programu

`sudo useradd -r -s /usr/sbin/nologin duka`

2. Ruhusa ya poti

Wengi hutumia hii:

`sudo setcap 'cap_net_bind_service=+ep' $(readlink -f $(which node))`

Inafanya kazi, na ndiyo iliyonikesha. Ruhusa hiyo hubandikwa kwenye faili la node lenyewe (Node.js, programu inayoendesha msimbo wa tovuti). `apt upgrade`, amri ya kusasisha programu, ikileta node mpya, faili la zamani linaondoka na ruhusa yake. Programu iliyokwisha kuwaka haishtuki, inaendelea tu. Seva yetu ya Kijitonyama ilikaa hivyo wiki kadhaa, mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi, tovuti haikuamka. Nikahangaika na nyaya, ruta, diski, hadi adhana ya alfajiri, kumbe kosa ni la siku ya upgrade. Kagua kwa `getcap` ukiipa njia ya faili hilo: ikirudi kimya, ruhusa haipo.

Tena, ukishaiweka, mtumiaji yeyote wa seva anayeweza kuendesha node hiyo anafungua poti hizo kwa skripti yoyote. Kwa hiyo siku hizi ruhusa naiweka kwenye systemd, kiwashaji na kisimamizi cha huduma za Linux, katika faili `/etc/systemd/system/duka.service`:

```
[Service]
User=duka
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
ExecStart=/usr/bin/node /srv/duka/app.js
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Hapa ruhusa ni ya huduma hii peke yake, na node ikibadilishwa haipotei. Usisahau `[Install]`, la sivyo `enable` haitakusaidia umeme ukirudi.

Ukiwa na tovuti zaidi ya moja, weka Nginx mbele (seva ya wavuti inayopokea wageni na kuwapeleka kwa kila programu), programu zibaki `127.0.0.1`, anwani ya ndani ya seva yenyewe.

3. Washa

`sudo systemctl daemon-reload && sudo systemctl enable --now duka`

Kisha `ps aux | grep app.js`. Safu ya kwanza isome `duka`.

4. Ukuta wa moto

`sudo ufw allow OpenSSH` itangulie `sudo ufw enable`, usije ukajifungia nje. Halafu `sudo ufw allow 80,443/tcp`.