Notisi ya kuhama nyumba ya kodi ya mwezi kwa mwezi: namna ya kuihesabu na kuifikisha

Katika mitaa mingi ya Mtwara, kuanzia Shangani na Ligula hadi Chikongola na Magomeni, mpangaji huingia kwa kulipa kodi ya miezi mitatu au sita, na muda huo ukiisha hakuna anayeketi tena kuandika mkataba mwingine. Mwenye nyumba hupokea kodi ya mwezi mmoja, kisha ya mwezi unaofuata, na hivyo ndivyo mambo yanavyoendelea, pengine kwa miaka. Upangaji huo tayari umekuwa wa mwezi kwa mwezi, na namna ya kuumaliza ni tofauti na ile ya mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inautambua upangaji huu, na inakubali pia kwamba upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, unaweza kufanywa kwa mdomo. Asiye na karatasi mkononi asidhani kwamba hana haki, wala asidhani kwamba hana wajibu. Kanuni ni kwamba upande wowote, mpangaji au mwenye nyumba, unaweza kuumaliza upangaji kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, ambacho hapa ni mwezi mmoja, na notisi hiyo lazima iishie katika siku mojawapo ambayo kodi hulipwa. Kama mna mkataba wa maandishi unaotaja muda mwingine wa notisi, basi fuateni mkataba wenu.

Sehemu ya pili ya kanuni hiyo, inayohusu siku ya kodi, ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayozaa ugomvi. Tuchukue mpangaji wa chumba na sebule kule Chuno ambaye hulipa kodi kila tarehe 5. Tarehe 20 Machi anapata barua ya uhamisho wa kikazi kwenda Newala, na siku hiyohiyo anamwandikia mwenye nyumba kwamba atahama tarehe 20 Aprili. Amehesabu mwezi mzima, lakini hesabu yake haijatimia, kwa sababu tarehe 20 Aprili si siku ya kodi. Tarehe 5 Aprili nayo haifai, kwa kuwa kutoka Machi 20 hadi siku hiyo ni siku 16 tu. Siku ya kodi inayofuata, ambayo inaacha mwezi kamili katikati, ni tarehe 5 Mei, na kodi ya kuanzia 5 Aprili hadi 5 Mei inamhusu yeye. Kama angeikabidhi notisi kabla ya tarehe 5 Machi, angekuwa huru tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo usianze kuhesabu kutoka siku uliyoamua kuhama. Anza na siku ya kodi unayotaka iwe ya mwisho, rudi nyuma mwezi mzima, kisha ongeza siku mbili au tatu za tahadhari, ili pasiwe na ubishi kama siku ya kukabidhi inahesabiwa au haihesabiwi.

Kanuni hii haiwazuii wawili kuelewana. Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba na watu wa minada wanatafuta vyumba, mwenye nyumba anaweza kukubali uondoke hata kwa notisi ya wiki mbili. Akikubali, makubaliano hayo yaandikwe na wote wawili waweke saini, kwa kuwa neno la mdomo la “wewe nenda tu mwanangu” halina ushahidi siku atakapodai kodi ya mwezi uliobaki.

Barua yenyewe haihitaji mwanasheria. Iwe na tarehe ya kuandikwa, majina ya pande zote mbili, mtaa na nyumba ilipo, na maneno ya wazi kama haya: “Ninakupa notisi ya mwezi mmoja ya kumaliza upangaji wangu wa chumba na sebule katika nyumba yako. Upangaji utaisha tarehe 5 Mei, na siku hiyo nitakukabidhi chumba pamoja na funguo zote.” Sababu ya kuhama si lazima kuitaja. Epuka maneno ya kusitasita kama “natarajia kuhama karibuni”, maana hayamfungi mtu yeyote kwa tarehe yoyote.

Andika nakala mbili, na mwenye nyumba asaini ile utakayobaki nayo, akiandika tarehe aliyoipokea. Hapa kwetu mara nyingi mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam na kodi hupokelewa na mpwa wake, au nyumba ni ya warithi, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za Mikindani. Katika hali hiyo mkabidhi nakala yule anayepokea kodi, kisha mtumie mwenye nyumba mwenyewe, au msimamizi wa mirathi, picha ya barua kwa simu na uihifadhi. Anayekabidhiwa barua akikataa kusaini, nenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akashuhudie makabidhiano na kuandika hivyo kwenye nakala yako. Hii si kumshitaki mtu, na umweleze kwa heshima kwamba karatasi inawalinda nyote wawili.

Mwenye nyumba anayetaka chumba chake naye anabanwa na hesabu hiyohiyo. Akikuambia tarehe 12 kwamba ifikapo mwisho wa mwezi uwe umetoka, mkumbushe kwa upole siku ya kodi, lakini endelea kulipa kodi kwa wakati, kwa sababu mpangaji mwenye deni huidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Siku ya kuondoka, kabla kirikuu haijapakia vyombo, pigeni picha ya mita ya maji pamoja, kwa kuwa ankara ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, ya matumizi yako inaweza kufika ukiwa umekwisha hama. Uniti za umeme wa Luku zilizobaki hubaki kwenye mita. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku ilhali ni wajibu wa mwenye jengo. Kama umeilipa wewe na hamkuwahi kukubaliana vingine, lizungumzeni kabla ya funguo kubadili mikono.

Mkishindwa kuelewana kuhusu tarehe au kodi iliyobaki, anzeni Baraza la Kata, ambalo lina siku 30 za kujaribu kuwasuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, baraza litathibitisha hivyo kwa maandishi, na ndipo shauri linapoweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Uwe na nakala ile yenye saini na risiti za kodi, kwa kuwa ndizo utakazoulizwa.