Ikoni zipewe majina yanayoeleweka jamani

Kabla hamjaanza kazi ya app au tovuti, kaeni timu nzima mkubaliane faili za ikoni, vile vipicha vya kwenye vitufe, zitaitwaje, maana mmoja akiandika trash mwingine delete mwingine bin_2 mpya, baadae mnakuta faili tatu za picha ileile ya pipa la taka. Mi napenda jina lifuate umbo, pensili iitwe pencil basi, sababu leo ipo kwenye kuhariri kesho mtaibandika kwingine. Freedesktop, mradi unaoweka viwango vya desktop za Linux, wao wanafuata kazi ya ikoni, mfano document-save ya kuhifadhi faili, sawa tu, ila chagueni njia moja. Herufi ndogo tupu na vistari katikati, hapo msibishane, Trash.svg na trash.svg kwenye Mac kwa kawaida ni kitu kimoja, ila Linux inaona ni faili mbili tofauti, kwa hiyo kama kwenye kodi umeandika moja na faili inaitwa nyingine, ukipeleka seva ya Linux ikoni haionekani, nishakesha kwa hilo. Alafu mlichokubaliana kiandikeni kwenye README, ile faili ya maelezo ya mradi.