Bakodi kwenye chupa ya asali: navyofanya mimi hapa Tabora

Habari zenu wadau. Natengeneza lebo hapa Tabora mjini na wateja wangu wengi ni wapaki asali, wa Sikonge, Urambo, Uyui na kwingine. Karibu kila mmoja akija anasema "kaka niwekee na ile mistari, supamaketi wanaitaka". Sawa naweka, ila ile mistari sio pambo, ukikosea kidogo tu chupa inafika kaunta skana inakaa kimya na mzigo unarudishwa, na nauli umeshalipa.

Hatua ya 1, pata namba. Bakodi ni namba iliyoandikwa kwa mistari basi, ndani hamna bei wala jina la asali, hivyo viko kwenye kompyuta ya duka. Kama unataka kuuza kwenye maduka ya watu omba namba GS1 Tanzania, ndo wanaotoa namba za bakodi hapa nchini, zao zinaanza na 620. Jamani msinakili namba ya chupa ya juisi mkabandika kwenye asali, kaunta itasoma juisi! Kwa duka lako mwenyewe tunga tu inayoanza na 2, hizo zimeachwa kwa matumizi ya ndani.

Hatua ya 2, hakiki tarakimu ya 13, ile ya mwisho. Chukua zile 12 za mwanzo, mfano 200000012345. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, unapata 8. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12, unapata 9, zidisha kwa 3 inakua 27. Jumla 35, kufika kumi kamili inayofuata, yaani 40, inabaki 5, kwa hiyo namba kamili ni 2000000123455. Skana inapiga hesabu hiyohiyo kila inaposoma, isipolingana inakataa.

Hatua ya 3 ni rangi, na hapa ndo watu wengi wanaumia. Mimi mwenyewe niliwahi kumchapishia mama mmoja lebo 500, mistari ya kahawia iliyoiva wekundu juu ya karatasi ya dhahabu inayong'aa, kwa macho ilikua nzuri sana, zote zikakataliwa ikabidi nirudie kwa hela yangu. Skana nyingi za kaunta zinamulika mwanga mwekundu, sasa mstari mwekundu au wa chungwa ukimulikwa hivyo unaonekana kama mweupe, umepotea. Karatasi inayong'aa nayo inarusha mwanga kama kioo. Na stika ya kuonyesha ndani ndo usijaribu kabisa, asali yetu ya miombo ni nyeusinyeusi, mistari myeusi itasomekaje hapo? Weka kiboksi cheupe, mistari myeusi, umemaliza.

Hatua ya 4, ukubwa na mkao. Kipimo cha kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, unaruhusiwa kupunguza mpaka asilimia 80, usishuke zaidi. Pembeni acha weupe, kushoto kama milimita 4 na kulia 3, usijaze maua ya nyuki hapo. Chupa ya duara nyembamba laza mistari ikae kama vipandio vya ngazi, ukiisimamisha inazunguka na chupa na skana haioni mwisho wake.

Hatua ya 5, uchapaji. Woodland na Silver, wavumbuzi wa bakodi kule Marekani, walipopata hataza yao (haki ya uvumbuzi) 1952 walikua pia na bakodi ya duara, miviringo ndani ya miviringo. Shida ya miviringo ni kwamba wino ukivutika kidogo mashineni inaharibika. Baadaye Laurer, mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, akabaki na mistari iliyonyooka, na Juni 26, 1974 pakiti ya chingamu ikaskaniwa dukani Ohio, ndo ya kwanza kwa mfumo huo wa Laurer. Kwa hiyo pitisha karatasi mistari ikielekea inakoenda karatasi, wino ukivutika unarefusha mstari tu, haunenepi.

Hatua ya 6, chapa MOJA kwanza. Bandika kwenye chupa yenye asali ndani, paka asali kidogo juu yake ufute kwa kitambaa kibichi kama muuzaji atakavyofuta, alafu nenda duka lenye skana uombe wakujaribie mara kumi. Simu haitoshi, kamera inasoma hata mistari ambayo skana ya kaunta inaikataa. Ikisoma mara zote kumi bila kusitasita, nipigie nichape zilizobaki.