Kabla ya kukata kadibodi: kuzitafiti stesheni za kwetu kwa ajili ya modeli ya reli

Anayejenga modeli ya reli yenye sura ya Afrika Mashariki huanza kuhangaikia vichwa na mabehewa. Mimi nasema aanze na majengo. Kichwa kilekile cha treni kingeweza kuonekana Mombasa wiki hii na Nakuru wiki ijayo, lakini jengo halihami. Hilo ndilo linalomwambia mtazamaji kwamba hapa ni Voi wala si Kigoma, na utafiti wake hufanywa kabla kisu hakijagusa kadibodi.

Jambo la kwanza ni kuamua mahali na mwaka, vyote viwili kwa pamoja. "Reli ya zamani ya Tanga" haitoshi. Reli ile ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, lakini hadi 1963, lilipokamilika tawi la kutoka Ruvu hadi Mnyusi, haikuwa imeungana na Reli ya Kati, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma kupitia Dodoma. Iliungana na Kenya kwanza, kupitia Kahe na Voi, kwa njia iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo ukijenga Korogwe ya 1955, behewa la kutoka Dodoma halikuwa na reli ya kulifikisha pale, ila la kutoka Nairobi lilikuwa nayo. Vivyo hivyo baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la pamoja la reli likagawanyika: nembo, rangi na maandishi ukutani hayawezi kubaki yaleyale. Mwaka mmoja uliouchagua utakuokoa na mabishano mengi ya baadaye.

Pamoja na mwaka, tazama geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, maana ndiyo itakayokuongoza kwenye skeli, yaani kiasi cha kupunguza vitu, na reli ndogo ya kununua. Reli zetu za zamani ni za mita moja, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067, na SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni 1,435. Kwenye skeli ya 1:87, ambapo kila kitu ni kidogo mara 87, mita moja inakuwa milimita 11.5, ndiyo maana watu hutumia reli ndogo ya milimita 12, na TAZARA nayo inaingia humohumo vizuri. Ukinunua ile ya kawaida ya milimita 16.5, umeshajenga SGR, na jengo la Tabora litaonekana dogo mbele ya njia iliyo pana kupita kiasi.

Sasa majengo yenyewe. Wengi hukimbilia jengo kuu, na kweli la Kigoma, la ghorofa na matao, mwisho wa reli iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, linavutia mno. Lakini kinachoupa mji sura yake ni vile vijengo ambavyo hakuna aliyevipiga picha kwa makusudi. Tangi la maji juu ya miguu ya chuma. Choo cha nje. Ghala la mizigo lenye milango ya kusukuma. Landi za wafanyakazi, vyumba vilivyoshikana chini ya paa moja refu. Duka la mabati lenye baraza mbele. Mfanyabiashara Alidina Visram alifungua maduka kadiri Reli ya Uganda ilivyosonga kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria, na wengine wakamfuata, hivyo stesheni ya Kenya bila duka jirani ni pungufu. Makindu ina gurudwara ya Masingasinga iliyojengwa 1926, ikiwa na historia moja na mafundi wa reli. Anayejenga Makindu bila hiyo amejenga stesheni nyingine. Andika orodha ya vijengo hivi kabla ya kutafuta picha, vinginevyo utarudi na picha thelathini za mlango wa mbele.

Vipimo ndivyo vinavyowakatisha watu tamaa, kwa sababu michoro ya asili haipatikani kirahisi. Hata hivyo picha nyingi zimebeba rula ndani yake. Njia ya reli yenyewe ni mita moja: ikiwa imepita sambamba na ukuta, tena karibu nao, na picha inaonyesha ubavu wa jengo, una kipimo cha upana wake. Tangi la maji la chuma mara nyingi huungwa kwa vipande vya mraba vya futi nne. Hesabu vipande, umepata urefu na kimo, na kila kipande kitakuwa milimita 14 kwenye modeli yako. Bati la zamani la migongo lilikuwa na takribani inchi tatu kutoka mgongo hadi mgongo, yaani chini kidogo ya milimita moja kwa 1:87. Hapa kuwa mkali. Karatasi ya migongo yenye nafasi ya milimita mbili ni sawa na bati lenye mawimbi ya sentimita 17, na bati la namna hiyo hutaliona kwenye stesheni yoyote. Picha za setilaiti nazo hutoa urefu wa jengo kwa dakika chache, ila kumbuka zinaonyesha paa. Mapaa yetu hutokeza sana kwa ajili ya jua na mvua, kwa hiyo punguza upenu wa kila upande ndipo upate ukuta.

Kwa picha za kale, maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni mkusanyo mkubwa wa picha za enzi ya Wajerumani, na Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960, zikiwemo za ujenzi wa Reli ya Uganda. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Maelezo chini ya picha yasikutawale. Linganisha na kivuli, mlima, mti, idadi ya matao.

Ukienda mwenyewe, omba ruhusa kwanza, ikiwezekana kwa maandishi, kisha jitambulishe kwa stesheni masta kabla ya kutoa kamera. Stesheni na madaraja huhesabiwa kuwa maeneo nyeti, na droni ina kibali chake Kenya na Tanzania. Beba futi kamba, daftari, na kadi yenye rangi unazozijua ya kuweka kando ya ukuta unapopiga picha. Piga pia nyuma ya jengo na chini yake: udongo wa Voi ni mwekundu, na vumbi lake hupanda ukutani.

Usiahirishe. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilisimama 2017, na stesheni isiyo na watu haichukui muda kupoteza milango na mabati yake.

Wazee waliofanya kazi relini ndio hazina kubwa kuliko zote. Nenda na shikamoo yako na picha zilizochapishwa kubwa. Ukimuuliza mzee jengo lilikuwaje, atakujibu lilikuwa zuri. Muulize taa ilitundikwa wapi, paseli zilipokelewa dirisha gani, abiria wa daraja la tatu walingoja upande upi. Jambo la mwisho hilo ni zito. Enzi za ukoloni huduma za stesheni ziligawanywa kwa rangi ya mtu, Wazungu, Wahindi na Waafrika, na mgawanyo huo uliamua idadi ya milango na vyoo. Ukichagua miaka ya 1950, usiufute ili modeli ipendeze.

Mwisho, nafasi. Jengo la mita 40 ni karibu sentimita 46 kwa 1:87, na meza nyingi hazilimudu. Usilipunguze lote kwa uwiano, maana milango itakuwa ya watoto. Acha kimo kilivyo, ondoa tao moja au mawili, na mlango mkuu ubaki mahali pake. Kisha kata umbo lake kwa karatasi ya bei rahisi, lisimamishe kando ya reli pamoja na tangi na landi zake, upitishe behewa refu kuliko yote uliyonayo mbele ya jukwaa. Likigusa upenu, sogeza jengo sasa.