Namna ya Kumkagua Mtoto Mchanga Anayetetemeka

Kidevu cha mtoto mchanga kikichezacheza anapolia, au mikono yake ikitetemeka anapobadilishwa nepi, anza kwa kumshika. Weka kiganja taratibu juu ya mkono au mguu unaotetemeka, uukunje kidogo kuelekea mwilini, kisha usubiri. Mtetemeko wa kawaida, unaotokana na mishipa ya fahamu ambayo bado haijakomaa, hutulia chini ya kiganja, na macho ya mtoto hubaki na utulivu wake. Vilevile, anayetupa mikono yote miwili mlango unapobamizwa ameshtuka tu, na hali hiyo hufifia kati ya miezi 3 na 6.

Mtetemeko usipotulia chini ya kiganja, uchukulie kuwa ni degedege. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu degedege ya mtoto mchanga mara nyingi haifanani na ile ya mtoto mkubwa: huenda akakaza macho upande mmoja, akatafuna hali kinywani hamna kitu, akapiga miguu kama mwendesha baiskeli, au akaacha kupumua kwa muda hata ulimi ukawa wa samawati. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, tazama saa, na mtu mwingine arekodi kwa simu, kwa kuwa daktari atafaidika zaidi na video hiyo kuliko maelezo yako. Kisha mpelekeni hospitali mara moja, hata akiwa ametulia. Walioko Kisumu wana Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Msipite kwanza kwa mganga kwa sababu ya ile imani kwamba degedege huletwa na ndege.

Mtetemeko unaotulia nao unahitaji kuchunguzwa siku hiyo hiyo ikiwa mtoto hanyonyi vizuri, amelegea, ana joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi au zaidi, au amekuwa baridi, jambo la kuangaliwa sana katika usiku wa Julai kule Nakuru. Aliyezaliwa na uzito mdogo, au ambaye mama yake ana kisukari, huenda amepungukiwa na sukari. Mnyonyeshe akiwa macho, mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, naye mhudumu atapima tone la damu kutoka kisiginoni. Huku kando ya Ziwa Victoria kila homa huitwa malaria, lakini homa ya mtoto wa chini ya miezi 2 si ya kununuliwa dawa dukani.

Mtoto wa miezi 3 hadi 12 anayeinamisha kichwa na kurusha mikono kwa mfululizo, hasa anapoamka, apelekwe siku hiyo hiyo, pamoja na kijitabu chake cha kliniki.