Malindi ipate kazi: kaunti ya Kilifi ianzie wapi?

Jamani, kila kampeni tunaahidiwa viwanda. Mimi nasema anzeni na barafu. Kweli kabisa, barafu, manake mvuvi akishusha samaki asubuhi na hana pa kuwaweka, tajiri anayenunua anasubiri tu jua lipande, bei inashuka mpaka jamaa anauza kwa hasara, sasa kaunti ikiweka mtambo wa barafu na chumba cha baridi pale ufuoni, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) waendeshe wenyewe, hapo hata mama wa kukaanga na kijana wa mkokoteni wanapata.

Halafu leseni. Muuza mahamri azungushwe ofisi tatu za nini? Dirisha moja, alipe kwa M-Pesa, siku hiyohiyo atoke na karatasi yake.

Embe nazo zinaoza Magarini kila msimu. Kaunti isijenge kiwanda yenyewe (huko ndiko pesa hupotelea), itoe uwanja, maji, stima na barabara, mwenye mtaji aje.

Na msitegemee watalii Wataliano peke yao. Msimu wa kusi ukianza hoteli zinafunga, vijana wanarudishwa nyumbani. Miezi hiyo vutieni mikutano na wageni wa Nairobi, treni ya SGR kutoka Nairobi inafika Mombasa toka 2017, kilichobaki ni usafiri wa maana wa kuwaleta huku.