Kabla hujaenda Gunung Mulu, fikiria maji kwanza

Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba unakwenda kupanda mlima, swali lake la kwanza ni kama umeshanunua jaketi zito. Kwa Gunung Mulu, jaketi liache kabatini. Hifadhi hii ya taifa iko Sarawak, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, karibu na ikweta, na joto lake la bondeni ni la kulowesha shati kabla hujamaliza chai. Kinachomtesa mgeni huko ni maji. Yakizidi hupandi, yakipungua boti inakwama, na ukishafika juu hayapo kabisa.

Sababu ni jiwe lenyewe. Kilele cha Mulu, mita 2,377, ni mwamba wa mchanga, lakini jirani yake Gunung Api ni chokaa tupu. (Jina hilo kwa Kimalei ni mlima wa moto, ila si volkano.) Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga anaijua chokaa: mvua inapopenya kwenye majani yaliyooza hupata uchachu kidogo, na uchachu huo unakula jiwe polepole. Sasa Mulu hupata milimita 4,000 hadi 5,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata kama 1,100. Maji yameitoboa milima hiyo mpaka mfumo mmoja wa mapango, wa Clearwater, umepimwa zaidi ya kilomita 200. Ukumbi wa Sarawak, ndani ya pango jingine, una urefu wa mita 600 na upana wa 415. Ukipanga viwanja vitano vya mpira goli kwa goli, vinaingia na nafasi inabaki. UNESCO iliitia hifadhi hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Kwa hiyo usikubali kudanganywa na habari za msimu wa kiangazi. Mvua ipo mwaka mzima. Nguo, simu na pasipoti zitie kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uuingize kwenye begi; koti la mvua peke yake halitoshi, kwa sababu ndani yake utalowa jasho vilevile.

Karatasi za safari si nyingi. Sarawak ina uhamiaji wake, kwa hiyo hata ukitokea Kuala Lumpur utagongewa muhuri mwingine. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, beba cheti cha chanjo. Kutoka mji wa Miri ni ndege ndogo ya mapangaboi, nusu saa hivi, na kilo za mizigo wanazihesabu. Ringgit, fedha ya Malaysia, taslimu zitafute hukohuko Miri kabla hujapanda.

La kuamua mapema ni kama unakwenda kupanda Pinnacles, kwa maana waongozaji ni lazima na nafasi kwa siku ni chache. Hizo ni ncha za chokaa zilizosimama katikati ya msitu kama visu vilivyochomekwa kwa mpini, nyingine zikifika mita 45. Safari yake ni siku tatu: boti ndefu ya mbao kwenye mto Melinau, kisha mwendo wa kilomita 8.8 tambarare hadi Kambi ya 5, na kesho yake alfajiri unaanza kupanda. Mto ukikauka, abiria wanashuka kuisukuma boti, basi vaa kandambili zenye mkanda wa nyuma, zisije zikaondoka na mkondo.

Kutoka Kambi ya 5 hadi kwenye ncha ni kilomita 2.4 tu, zinaonekana mchezo. Tatizo ni kwamba ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,200, na mita 400 za mwisho ni kamba na ngazi za alumini zilizofungwa kwenye mwamba. Mguu unaukanyagisha kwenye ukingo wa jiwe mwembamba kama wa sahani iliyovunjika, na mkono unatafuta pa kushika palepale penye makali. Glovu za fundi ujenzi, zile za mpira kiganjani, zinafaa kuliko za bei kali. Viatu viwe vimeshazoea mguu wako na soli yenye meno. Kwenye ngazi kuna saa ya mwisho. Asiyefika kwa wakati anarudishwa, na mvua kubwa ikinyesha hapandi mtu yeyote. Usibishane na mwongozaji, ambaye mara nyingi ni mtu wa kabila la Penan au Berawan aliyezaliwa msitu huohuo. Jiwe lililolowa analijua yeye.

Maji ya kunywa beba lita tatu. Huko juu mvua haikai. Inazama kwenye nyufa na kutokea bondeni, wala hakuna kijito cha kujazia chupa. Ongeza pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Mazoezi yafanye kwenye ngazi za ghorofa, ukishuka mara nyingi kama unavyopanda, maana kushuka huchukua muda mrefu kuliko kupanda na ndiko kunakoua magoti.

Kuhusu wanyama, rekebisha matarajio yako. Ukienda na macho ya Serengeti utarudi na manung'uniko. Orangutani usiwatafute hapa. Wapo kwenye hifadhi ya Semenggoh, karibu na mji wa Kuching. Msitu huu unaonyesha vidogo: chura asiyezidi kidole gumba, mdudu kijiti, mimea yenye vikombe vinavyonasa wadudu kwenye njia ya Pinnacles, na juu kabisa hondohondo anapita, mabawa yakivuma, unamsikia kabla hujamwona. Beba darubini ndogo na tochi ya kichwani. Tochi ya simu inakunyima mkono mmoja. Kisha kuna ruba. Anapanda kutoka kwenye jani akiwa mwembamba kama uzi, na unamgundua akishanenepa. Hana ugonjwa wa kukutisha, ila soksi ndefu zilizofumwa kwa kubana, suruali ikiwa ndani yake, zitakupunguzia makelele.

Pango la Swala, Gua Rusa kwa Kimalei, lina popo wanaokadiriwa kuwa milioni mbili hadi tatu. Harufu ya mbolea yao inauma macho, na mende wanatembea juu ya reli ya njia, kwa hiyo usiishike gizani bila kumulika. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu jioni popo hutoka wakijipinda angani kama moshi unaovutwa na upepo, mwewe akiwasubiri. Mvua ikinyesha saa hizo, huenda wasitoke. Ndiyo maana usiku mmoja hautoshi, hata kama huna mpango wa kupanda. Na ndege ya kuunganisha kutoka Miri iweke kesho yake, kwani mawingu yakifunga bonde la Mulu, ile ndogo haiji.